Tunahubiri Kwenye Basi, Tunanyamaza Msibani

 Najua nimepotea. Asaimenti, sapu moja ya kizembe, bumu kuchelewa... yale yale mnayoyajua. Lakini leo sinyamazi. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu likizo na wiki hii kimepata pa kutokea.

Kisa ni semina. Jumamosi iliyopita ushirika wetu hapa chuoni ulikuwa na semina ya ujasiri wa kushuhudia. Ukumbi umejaa, maiki mbili, kinanda, mnenaji kavaa suti ya bluu ile inayong'aa. Akauliza, nani hapa ana ushuhuda wa ujasiri? Mkanisukuma mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu mwezi wa saba nilihubiri ndani ya basi kutoka Morogoro mpaka Gairo, nimeshikilia siti nisianguke, na mmoja wenu alinirekodi kwa simu video ikazunguka kwenye magrupu yote. Basi nikasimama, nikasimulia, mkapiga makofi, kuna dada hadi alilia.

Nikarudi kukaa nikiwa najisikia mwizi. Hadithi niliyowapa iliishia Gairo. Basi halikuishia Gairo, lilinifikisha nyumbani, na yaliyotokea nyumbani sikuyasema kwenye maiki. Nayasema hapa. Na nikimaliza kujisema mimi nitawasema na nyinyi, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kwetu ni Runzewe. Kwa msiopajua, ni kwenye barabara kuu ya malori ya Rwanda na Burundi. Ukitoka Kahama unapita Masumbwe, unapita Ushirombo, halafu unatufikia. Wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita. Mpaka 2012 tulikuwa Shinyanga, ndiyo maana wazee wetu wakijaza fomu bado wanaandika Shinyanga halafu wanafuta. Kuna mahindi, kuna asali, kuna dhahabu. Dhahabu ndiyo iliyoleta kelele za makarasha usiku na mchana na vijana kutoka kila kona ya nchi, na ndiyo iliyoleta na wale wanaojiita wataalamu wa nyota. Nitarudi huko.

Nilifika Alhamisi usiku. Jumamosi mtoto wa jirani akafariki. Miaka minne, homa siku tatu, siku ya nne degedege, basi. Nikaenda msibani kama anavyokwenda kila mtu, nikakaa kwenye moto na wanaume. Wa kanda ya ziwa mnajua, msiba ni kulala nje, moto, kahawa na maneno.

Saa tatu usiku hivi maneno yakaanza. Hayakuanza na jina. Yalianza na "haya mambo si bure". Halafu "mwaka jana ng'ombe, mwaka huu mtoto". Halafu mtu mmoja akataja macho, na hapo kila mmoja akawa ameshajua ni nani anayesemwa. Ni bibi mmoja mjane anayekaa peke yake nyuma ya shamba la mihogo, na macho yake ni mekundu tangu niko darasa la pili. Na kwa nini yasiwe mekundu? Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, kuni mbichi msimu wa mvua, mabua na kinyesi cha ng'ombe kikavu pale kuni zinapokosekana, utamkuta na macho gani? Macho ya mhubiri wa kwenye basi?

Kukawa na madaftari mawili. La kwanza la rambirambi. La pili halikuwa na kichwa cha habari. Alilishika baba yangu mdogo, na kila mtu pale alijua ni la nini: elfu tano kila kaya, ili waitwe lambalamba, wale jamaa wanaozunguka kijiji hadi kijiji wakidai kutoa uchawi majumbani mwa watu. Msicheke. Huko kwetu ramli ikishataja jina, kinachofuata baada ya wiki mbili tatu mara nyingi ni watu wenye mapanga usiku. Mauaji ya vikongwe Shinyanga, Geita, Mwanza si hadithi ya kutishia watoto. Kila aliyekulia huko ana bibi mmoja anayemkumbuka.

Daftari likafika kwangu.

Jamani, mimi ndiye niliyehubiri kwenye basi. Mimi ndiye ninayefundisha somo la kushuhudia kwa mwaka wa kwanza, nina daftari la mistari, nimechora na mishale. Pembeni yangu amekaa mzee wa kanisa, mbele yangu wanakwaya wawili. Nikawaangalia, wakaangalia moto. Nikatoa elfu tano. Hela ya bumu. Baba mdogo akaandika jina langu, na mbele ya jina, kwa sauti ili wengine wasikie, akaongeza neno moja: mwanachuo. Mtu wa pili aliyekuwa anasitasita akasema, basi na mimi niandike, kama hata msomi katoa.

Hapo ndipo nilipouza imani yangu. Nisingetoa hela wangeniona bahili tu. Lakini nilitoa na jina, na jina langu likafanya kazi kuliko hela.

Aliyesema ni mwingine. Ni dada mmoja anayeuza uji na vitumbua kule kwenye makarasha, darasa la saba, kaokoka hata miaka miwili haijatimia. Alikuwa anatuletea chai. Akasimama na birika mkononi, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, akasema shikamooni baba zangu. Halafu akasema yeye mchango ule hatoi, na kama jina la mume wake limeandikwa anaomba lifutwe. Mtoto alikuwa na homa siku tatu, akasema, na sisi wote humu tulimwona, hakuna aliyempeleka zahanati, hata mimi. Tuliochelewa ni sisi. Bibi yule hakuchelewa. Halafu akamaliza na maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: mimi ni mtu wa Yesu, damu ilishamwagika mara moja, inatosha, hatuhitaji ya bibi.

Kimya. Mtu mmoja akamwambia, mwanamke weka birika chini uende. Akaweka birika. Akaenda. Hakurudi kwa wanawake wenzie ndani, alichukua mkeka na mtoto wake mgongoni akaenda kulala kwa yule bibi. Alilala huko usiku nane.

Sasa nisikilizeni. Nikilinganisha mahubiri yangu ya Morogoro mpaka Gairo na yale maneno ya dakika moja na birika mkononi, nashindwa hata kuyaweka kwenye kundi moja. Kwenye basi nilihatarisha nini? Konda anaweza kuniambia nikae. Abiria mmoja anaweza kuvaa spika za masikioni. Nikishuka hakuna anayenijua tena! Huu ni ujasiri wa kuongea na watu ambao hutawaona kesho. Yule dada aliongea na watu ambao kesho yake alfajiri alitakiwa kuwauzia uji. Na hawakununua. Siku tatu chupa zake zilirudi zimejaa. Siku ya nne mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki, Mwislamu wa swala tano, akanunua chupa nzima akagawia mafundi wake mbele ya watu, na biashara ikaanza kufunguka taratibu. Mzee huyo huyo, nikaja kujua baadaye, naye alikataa daftari la pili. Alisema kwake hiyo ni shirki, basi, akarudisha kalamu. Mimi mtumishi niliikamata ile kalamu vizuri tu.

Kila nikisoma habari za Petro akiota moto uani kwa kuhani mkuu naruka mistari. Aliyemtisha Petro hakuwa askari, alikuwa kijakazi. Sisi vivyo hivyo. Tanzania hii hakuna anayekufunga kwa sababu ya kumtaja Yesu, Katiba ibara ya 19 inakupa uhuru wa kuabudu na wa kutangaza imani yako. Polisi hawatuogopeshi, mwenyekiti wa mtaa hatuogopeshi. Anayetuogopesha ni baba mdogo na daftari lake. Ni shangazi. Ni washikaji wa kijiweni watakaosema "chuo kimemharibu". Hofu yetu ni ya kukosa nafasi kwenye moto.

Najua mtanijibu nini, nimeshawasikia. Rumeti wangu alishanijibu kabla hata sijamaliza kusimulia: "Kaka, kule ni mila, usichanganye mila na dini." Mila gani? Heshima kwa wazee ni mila. Kupiga goti kusalimia ni mila, na dada yule alipiga goti kabla hajawakatalia. Kumchangia mpiga ramli amtaje mjane ni mila ya nani? Wazee wa zamani wenyewe walikuwa na adabu ya kuwatunza bibi zao.

Pale motoni kulikuwa pia na mtu aliyekuja na Biblia. Mzee wa heshima, ana kadi ya kanisa, na mstari wake alikuwa nao mfukoni: Kutoka 22:18. Sikumjibu usiku ule, namjibu leo nikiwa kilomita elfu moja mbali, ujasiri wa kawaida yangu. Mzee wangu, mstari upo. Lakini fungua na Kumbukumbu la Torati 18 uone ni nani anayekatazwa pale: ni mpiga ramli mwenyewe na anayemwendea. Huwezi kwenda kwa yule aliyekatazwa ili akuonyeshe wa kumwadhibu. Umevunja sheria moja ili utimize nyingine, na katikati hapo bibi anakufa kwa macho mekundu.

Halafu kuna nyinyi wasomi wa theolojia ya kistaarabu. Mnasema "mimi nahubiri kwa maisha yangu, si kwa maneno". Inasikika vizuri sana, na mimi niliishi hivyo usiku ule. Nilikaa kwa upole, sikumtukana mtu, nilitoa mchango. Maisha yangu yalihubiri sana, yalihubiri kwamba lambalamba ni sawa.

Nisieleweke vibaya, kuna maneno ambayo nayo si ujasiri. Kwetu hatuhitaji kwenda mbali kwa mfano. Februari 2013 pale Buseresere, mkoa wetu huu huu wa Geita, watu walipigana kwa sababu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza, na mchungaji mmoja akauawa. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka wazazi walivyokatazana kununua nyama kwa fulani, na watoto tukaanza kuulizana dini kwenye foleni ya maji, kitu ambacho hatukuwahi kukifanya. Aliyeuawa alikuwa na familia, na damu yake ni damu. Ninachosema ni kwamba baada ya hapo wengi wetu tukajifunza somo la ajabu: ujasiri wa imani ni kushindana na Mwislamu. Mpaka leo ukisema "kijana jasiri" mtu anafikiria mihadhara, kulinganisha vitabu, spika kuelekezwa msikitini. Wakati kule uani kwetu, kati ya Wakristo kwa Wakristo, kuna daftari la pili linapita na hakuna anayelinganisha kitabu chochote. Na aliyelikataa mapema kuliko wote alikuwa Mwislamu.

Nilisema nitarudi kwenye dhahabu. Narudi, kwa sababu bila dhahabu hamtaelewa kwa nini kukaa kimya kwetu ni kubaya zaidi.

Uchimbaji mdogo unavyokwenda ni hivi. Mwenye duara anawalisha vijana, vijana wanachimba. Hakuna mshahara, malipo ni mgao wa mawe. Mnaweza kuchimba miezi, mmeshuka mita hamsini, sitini, mwamba hauna kitu, mmekula bure na deni limekua. Hatua ishirini pembeni jamaa wa duara jingine wanatoa mifuko, karasha zinasaga, mwaloni wanaosha, jioni wana pikipiki mpya. Mtu wa namna hiyo ukimwambia habari za mkondo wa mwamba atakucheka. Anachoona yeye ni bahati, na panapohitajika bahati hapakosekani mtu wa kuiuza. Mfumu anaanza na kuku mweusi. Akikosea anapandisha. Na kuna waliopandisha mpaka wakafika kwa binadamu.

Nilikuwa mdogo sana, miaka sita hivi, Desemba 2008 mvulana mmoja mwenye ualbino alipouawa wilaya yetu hii ya Bukombe. Miezi tisa baadaye, Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyokaa Kahama ikawahukumu watu watatu kunyongwa. Ilikuwa hukumu ya kwanza nchini kwa mauaji ya aina hiyo. Mwaka huo huo wa 2009 Januari Waziri Mkuu Pinda alikuwa ametangaza kuwafutia waganga vibali, na Machi wananchi wakapigishwa kura ya siri kuwataja wanaowashuku. Kabla ya hapo, 2008, mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mteja akaingia kwa waganga wa kanda yetu na kuwaumbua, kisha akalazimika kujificha kwa vitisho. Mwanamke mmoja na kinasa sauti! Februari 2015 ikatokea tena, mtoto wa mwaka mmoja akanyakuliwa Chato na mama yake akakatwa mapanga akimtetea. Na hiyo ni mwezi mmoja tu baada ya serikali kupiga marufuku wapiga ramli kwa mara nyingine.

Sasa jiulizeni kama ninavyojiuliza. Miaka yote hiyo makanisa yalikuwepo. Wamisionari Wakatoliki walifika Ushirombo tangu karne ya kumi na tisa, AIC wako usukumani zaidi ya miaka mia moja, Wapentekoste tumejaa kama maduka ya vocha. Mimi nilikuwa kanisani kila Jumapili, na katika utoto wangu wote sikumbuki hata Jumapili moja iliyosemwa wazi: ndugu, ukimwendea mpiga ramli kwa ajili ya duara lako, umetoka kwa Kristo. Yalisemwa ya sketi fupi. Ya pombe yalisemwa sana. Ya zaka ndiyo usiseme. Kuhusu kile kilichokuwa kinaua watu mtaani kwetu tulikuwa na maombi ya jumla, "Bwana liponye taifa letu". Na kuna sababu, wapendwa. Mwenye duara anayemwendea mfumu Ijumaa ndiye anayetoa mifuko ya saruji ya kanisa Jumapili. Matendo ya Mitume 19 inalieleza hili wazi kuliko mnenaji wa suti ya bluu. Efeso watu walichoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake ikahesabiwa vipande hamsini elfu vya fedha, na muda si muda wafua fedha wakafanya fujo kwa sababu biashara imeguswa. Injili isipogusa biashara ya mtu yeyote hakuna atakayekuletea fujo, utapigiwa makofi tu. Kama mimi Jumamosi.

Na vyeo havitukingi. Mwaka 2024 Muleba, mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alichukuliwa mikononi mwa mama yake Mei 30, mwili ukapatikana Juni 17. Kati ya watu tisa waliofikishwa mahakamani alikuwemo padri, na alikuwemo baba wa mtoto. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, siyo yangu. Lakini siku ile habari ilipotoka tulikaa kantini tunasema "hao Wakatoliki". Nani kasema hao? Jina langu limo kwenye daftari.

Wengine mtasema mambo haya ni ya huko kwenu porini, hapa Dar hakuna lambalamba. Haya. Hapa kuna mwenzetu alikuwa ananunua ripoti ya mafunzo kwa vitendo kwa elfu themanini, chumba kizima kinajua, chumba kina watu wanne wa ushirika, nani alisema? Kuna dada alipata ujauzito tukaacha kukaa naye meza moja, na tuliomwacha ndio tuliokuwa tunagawa vipeperushi vya upendo wa Mungu mlango kwa mlango wiki ya misheni. Uwe USCF, uwe CASFETA, TAFES au TMCS, hii inakuhusu. Tunakwenda misheni mikoani kwa mabasi, tunawahubiria watu wa Singida tusiowajua, halafu tunarudi kwenye chumba ambacho tumekubaliana kimya kimya kutosemana.

Mnanidai suluhisho. Mimi si mnenaji, sina pointi tano zinazoanza na herufi moja. Ninachojua ni kidogo nilichosoma kuhusu wale ndugu wa uamsho, Balokole, uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukavuka mpaka ukaingia Kagera, na ukifuata barabara yetu ukipita Runzewe ndiko inakoelekea. Hawakuwa na spika. Walikuwa na tabia moja iliyowaudhi hata wachungaji: mtu akisimama kushuhudia anaanza na dhambi yake mwenyewe, kwa jina lake. Niliiba mabati ya misheni, haya hapa nayarudisha. Nilimchukia fulani, huyu hapa amekaa. Watu wakasikiliza, kwa sababu mtu anayejitaja mwenyewe hadharani hana tena cha kutishiwa. Nadhani ndicho alichokifanya dada wa uji bila kusoma popote. Alisema "hata mimi" kabla hajasema "Yesu". Mimi kwenye basi nilianza na dhambi za abiria.

Kwa hiyo nami nimeanza na yangu. Jumapili nilimpigia baba mdogo. Nilimsalimia, nikauliza mifugo, nikauliza mvua, nilizunguka mpaka salio likakaribia kuisha, ndipo nikamwambia: baba, ile elfu tano ya mwezi wa saba nilikosea kutoa, mimi ni Mkristo, naomba jina langu ulifute, na waambie wazee kwamba mwanachuo kakataa. Akanyamaza. Akasema, mwanangu, mambo yale yalishaisha. Nikamwambia najua. Akasema umekuwa mkubwa siku hizi. Akakata. Sijui alimaanisha sifa au tusi. Jumatatu mama kanipigia kwamba nimemvunjia heshima baba mdogo wangu, na ada ya mwaka wa mwisho sehemu anachangia yeye. Kwa hiyo mnaona, kuna gharama, na mimi ni mwoga, usiku ule sikulala.

Lambalamba hawakuja, kama mlikuwa mnajiuliza. Siku ya pili ya msiba dada wa uji na yule mzee wa vipuri walikwenda kwa mtendaji wakamweleza, na mtendaji akatangaza kwamba atakayepokea mchango wa ramli atalala kituoni. Michango haikurudishwa. Mimi siidai.

Bibi mwenyewe nilimwona mara moja tu kabla sijarudi chuo, siku ya nne. Nilikuta dada anamchotea maji. Bibi akanishika mkono akanitazama na macho yale, akasema wewe ndiye unayesoma Dar, nimesikia unahubiri. Nikasema ndiyo bibi. Akasema Mungu akuongoze ng'wanawane. Elfu tano sikuitaja. Nilikula na mihogo yake.

Sasa hivi amehamishiwa Masumbwe kwa binti yake, dada kanipa namba. Nimeshakata tiketi ya Ijumaa, basi linaondoka alfajiri stendi ya Magufuli, na safari hii konda akiniona nimesimama nitakuwa naulizia choo tu. Nashuka Masumbwe kabla sijafika nyumbani. Nimemuuliza dada nimpelekee nini, kasema kilo mbili za sukari na majani ya chai, na nisiende na mtu wa kunirekodi.